Unasoma nini saizi, na kwanini? Jinsi tunavyokaa na vitabu vyetu barazani Ujiji

Kuna watu mtaani wananiuliza nyie mnakaaga pale Ujiji, Kigoma, barazani na vitabu mnafanya nini, ni vikoba au ni dini mpya, sa ngoja niandike hapa mara moja nisirudie rudie. Sio vikoba. Tunakaa watu saba nane, kahawa inapita, kila mtu anajibu swali moja tu, unasoma nini saizi na kwanini. Basi. Ni kitu chepesi kabisa ila mi nilikikosea mara mbili kabla hakijasimama, kwahiyo nikikwambia usifanye hivi ujue nimeshafanya na nimeaibika.

Ilianza 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, si mnakumbuka, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti hamna kuvua, mitumbwi imelala mchangani, watu wanazunguka tu. Jirani yangu mmoja mvuvi akaja kwangu kuazima chaja, akaona kitabu juu ya friji, akauliza hiki kinahusu nini. Nikaanza kumweleza, nikaona kabisa macho yake yameshaondoka yako Kongo huko ng'ambo. Afu akanikata, "Sa we mwenyewe kwanini unakisoma?"

Hapo nikakwama kidogo. Kitabu chenyewe kilikuwa Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022. Nikaamua nimwambie ukweli, kwamba 2021 Gurnah alivyopata Nobel ya fasihi na sisi tukaambiwa ni mtu wa Zanzibar, mi nikaweka stetasi ya kumpongeza na bendera juu, wakati sijawahi kusoma hata mstari wake mmoja. Mtu mmoja akanijibu chini pale, hongera, wewe umependa kipi? Nikajifanya sijaona. Tafsiri ilipofika mikononi mwangu nikaichukua kwa aibu, nikaipandisha juu ya friji, ikakaa. Yule jirani alicheka mpaka akakaa chini, na tukaongea mpaka adhana ya magharibi, chaja amesahau kabisa kilichomleta.

Sasa angalia, nilipomwambia kinahusu nini alisinzia, nilipomwambia kwanini nakisoma alikaa. Mengine yote humu chini yanatoka hapo.

Vitu vitatu, usiongeze cha nne

Kila mtu anasema jina la kitabu, anasema kafika ukurasa wa ngapi, afu anasema kwanini ndo hicho na kwanini ndo saizi. Kwa mpangilio huo huo.

La ukurasa watu wanaona kama utani ila lina kazi yake. Ukimuuliza mtu umesoma kitabu gani, atakutajia kile alichomaliza mwaka 2011 ili aonekane. Ukimuuliza uko ukurasa wa ngapi hana pa kukimbilia, itabidi aseme niko wa tisa toka Pasaka, watu wanacheka, na mwenzake aliyekuwa anaona haya kwa sababu yuko wa nne anapumua. Sisi pale hamna aibu ya ukurasa. Kuna dada wa saluni alikaa ukurasa wa 31 mikutano mitatu mfululizo na kila mara sababu yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa raha kumsikiliza kuliko waliomaliza.

Usiulize kinahusu nini

Hili ndo kosa langu la kwanza. Siku ya kwanza nilitangaza kwamba kila mtu "atawasilisha" kitabu. Nilitumia neno hilo hilo, kuwasilisha, sijui nilikuwa nawaza nini. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzuri sana, akasimama. Mzee, alisimama kweli kwenye jamvi watu wote wamekaa, akaanza na dhamira kuu, akaja dhamira ndogo ndogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, mtindo, wahusika wakuu na wahusika wajenzi, dakika arobaini. Kijana wa bodaboda aliinuka ameshika simu sikioni, "ndio bosi nakuja," simu yenyewe kioo cheusi haijalia wala nini, hakurudi siku hiyo.

Na sio kosa la mwalimu. Wengi wetu tulisoma vitabu kwa ajili ya mtihani, ukisema Takadini au Watoto wa Maman'tilie mtu anakumbuka kwanza swali la "jadili kwa hoja tatu kutoka katika kila kitabu" kabla hajamkumbuka mhusika. Ukiuliza kinahusu nini unamrudisha dawatini. Muulize kwanini kakishika, hilo halina majibu nyuma ya kitabu.

Mwalimu huyo huyo baadaye alikuja kutupa jibu moja zuri sana. Alikuwa na Juliasi Kaizari, ile aliyoitafsiri Nyerere, akasema, "Mimi nilisoma Tabora Boys, na yeye alisoma pale pale. Tafsiri yake ilitoka mara ya kwanza 1963, ni rais tayari, nchi ndo kwanza changa. Mimi nina vipindi ishirini na nne kwa wiki nasema sina muda wa kusoma. Nataka nijue yeye muda wa kukaa na Shakespeare aliutoa wapi." Dakika moja na nusu, kakaa chini, na safari hii alikuwa hajasimama.

"Kinaelimisha" ni jibu la mgeni

Ukianza kuuliza kwanini, majibu ya mwanzo yatakuwa yale yale, kinaelimisha, kinafundisha maisha, ni kizuri. Ni kama ukifika kwa mtu ukauliza habari za hapa akasema nzuri wakati kuna mgonjwa ndani. Usimbishie, lakini usiishie hapo pia. Sisi tunatumia swali moja dogo tu: kwanini sio mwezi uliopita? Swali hilo ndo funguo. Linamlazimisha mtu akumbuke siku aliyokichukua, na siku hiyo ndo ina stori.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Kuna mama mmoja anauza dagaa mwalo wa Kibirizi, alikuja kaongozana na shoga yake, kitabu kakifunga kwenye ncha ya kanga kama watu wanavyofunga hela. Tukamwamkia, marahaba wanangu, zamu yake ikafika. Akafungua fundo taratibu, Rosa Mistika ya Kezilahabi, jalada limechoka.

"Niko arobaini na kitu huko. Kinafundisha mabinti."

"Sawa mama, ila kwanini saizi?"

Akanyamaza. Akawa anafuta jalada na kanga, anafuta na kufuta wakati halina hata vumbi. Afu akasema, "Binti yangu yuko chuo. Alivyokuja likizo nikamuona anakisoma usiku kwa tochi ya simu, mimi nimelala lakini namuona. Kaondoka kakisahau mtoni, chini ya mto wa kulalia. Nikauliza watu, wakaniambia hiki zamani kilipigwa marufuku mashuleni. Nikasema aa, kama wakubwa walikiogopa na mwanangu anakisoma gizani, mimi ndo nisijue kilichomo?"

Kweli kilikatazwa. Kilitoka 1971, kikazuiwa shuleni kwa jinsi kilivyosema waziwazi mambo ya msichana na wanaume, halafu miaka ikaenda kikaja kuruhusiwa na watu wakafundishwa hicho hicho darasani. Lakini hayo tuliyaongea baadaye. Nachotaka uone ni kwamba yule mama hakutusimulia hata tukio moja la ndani ya kitabu, na siku hiyo hiyo watu wanne walijiandikisha kukiazima. Mmoja ni baba mwenye mabinti watatu, hakusema kwanini na hatukumuuliza.

Maana nalo hilo lipo. Ukiona mtu ameshika jibu lake kwa nguvu mwache. Kuuliza mara mbili inatosha, ya tatu ni polisi.

Kuna majibu yanakula jioni nzima, yaache yaile

Mzee wetu mmoja mstaafu wa reli, sisi tunamwita Babu Stesheni, alikuja na makaratasi ya fotokopi yamebanwa na pini, ile habari ya maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Tippu Tip jina lake hasa Hamed bin Muhammed el Murjebi, kafa 1905, na humo ndani Tabora imo, Ujiji imo, anavuka ziwa kwenda Manyema, Kongo huko, kama we unavyokwenda Mwanga na bajaji.

Tukauliza, Babu, kwanini saizi? Akasema bibi yake mzaa baba alikuwa Mmanyema, na utotoni kila alipomuuliza bibi mlikujaje huku, bibi alikuwa anasema "tulikuja na watu," anaendelea kupepeta mchele. Hakuwahi kusema watu gani. Sasa yeye ana miaka sabini na mbili, mke wake katangulia, ndo kaona atafute hao watu ni akina nani, na kawapata kwenye kitabu kilichoandikwa na mwenye msafara, sio na aliyebeba pembe. Akasema inamuuma kwamba anakipenda Kiswahili chake, yule mtu anajua kusimulia, halafu anageuza ukurasa anakutana na idadi ya mateka imetajwa kama mizigo.

Siku hiyo hatukufika kwa mtu wa pili. Ujiji nusu ya watu wana bibi wa namna hiyo. Mi nilikuwa na saa yangu mkononi na utaratibu wa dakika tatu tatu kila mtu, nikaivua nikaitia mfukoni. Kwahiyo ndio, weka muda, dakika tatu zinatosha, ila ujue na lini wa kuuachia.

Siku ya kukutana: angalia mwezi

Huko kwingine watu wanasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sijui Jumapili ya kwanza. Kigoma ukipanga hivyo utakosa nusu ya watu. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza kwa sababu taa ndo inavuta dagaa, mbalamwezi ikiwaka taa haina maana, wanapumzika. Hilo ndo kosa langu la pili, niliweka Jumamosi yangu katikati ya giza, nikakaa na mwalimu na dada wa saluni watu watatu tunaangaliana. Sasa hivi tunakutana Jumamosi inayoangukia karibu na mwezi mpevu, baada ya alasiri mpaka magharibi, wavuvi wapo, mama dagaa wapo kwa sababu dagaa hamna, hata bodaboda wana abiria wachache mwaloni. Ukiwa Tabora nadhani utaangalia msimu wa tumbaku, ukiwa Kasulu kahawa na maharage, we ndo unajua watu wako wanapumua lini.

Mahali usiende ukumbini. Ukumbi una kiti cha mbele, na kiti cha mbele kina mgeni rasmi. Baraza na jamvi vinatosha, kahawa chungu na kashata, tunachanga kila mtu mia tano. Watu wakizidi kumi gawanyeni makundi mawili, la sivyo wa mwisho atajibu gizani.

Vitabu gani vinahesabika

Vyote. Nasema vyote. Ukianza kuchagua hiki ni fasihi hiki sio, umeua. Fundi wa mashine za boti alikuja na kitabu cha maelekezo ya injini, kwanini, kwa sababu kuna boti imemrudia mara tatu na mteja kaanza kumtazama kama mwizi. Jibu hilo mi naliweka juu kuliko "napenda kujiongeza". Mwingine ana kijitabu cha michikichi, kapanda miche ya tenera, ile michikichi chotara, ekari moja na nusu na shemeji yake anamwambia kapigwa, anataka amjibu kwa maandishi. Kuna anayesoma tafsiri ya Kurani kila siku aya kumi, kuna anayesoma Zaburi toka mama yake afariki. Kuna kijana yupo kwenye simu, anasoma hadithi za kuendelea, sehemu ya 1 mpaka ya 68, akaulizwa ukurasa wa ngapi akasema hakuna kurasa naburuta tu, tukakubali aseme sehemu ya ngapi.

Hapo ni marufuku kumcheka mtu kwa kitabu chake, unaweza kumcheka kwa sababu yake akianza kucheka mwenyewe.

Na asiyejua kusoma je? Anakaa. Tuna bibi mmoja anasomewa na mjukuu wake jioni, zamu yake ikifika anajibu kama sisi, kitabu fulani, mjukuu kafika hapa, na kwanini nimemwambia asiruke pale. Bibi huyu ni mkali kuliko wote. Alimfumania mjukuu karuka kurasa mbili kwa sababu aliyekuwa amekaa kwenye hadithi ghafla amesimama.

Na walioacha kitabu njiani wasifiche. Kuacha kuna sababu pia, na mara nyingi ni tamu kuliko ya kuanza. Dada wa saluni yule wa ukurasa wa 31 mwishowe alikiacha, akasema, "Yule mwanaume kaanza kuongea kama wangu. Nikiendelea nitagombana na mtu ambaye hajafanya kosa." Jibu hilo likaandikwa kwenye daftari letu.

Usiseme mwisho

Fupi hii. Bodaboda wetu alikuwa na kitabu cha mpelelezi Joram Kiango, alichoandika Ben Mtobwa, na alikuwa anatamba nacho kweli kwa sababu Mtobwa ni mtu wa Kigoma huku huku, "mnajua huyu ni wa kwetu?" Anasoma kijiweni akisubiri abiria, sababu yake ni asisinzie pikipiki isije ikaibwa. Amebakiza kurasa kumi na mbili. Jamaa mmoja aliyekisoma zamani akaropoka muuaji ni nani. Bodaboda alifunga kitabu, akakiweka chini, akamwangalia yule mtu hivi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo ukisema mwisho unanunua kahawa ya watu wote mikutano miwili.

Kuazimana, na daftari

Vitabu huku sio kwamba vimejaa, maduka mengi ni ya vitabu vya shule. Kuna maktaba ya mkoa, watu wanaisahau tu, nenda uulize uanachama. Ukiwa na ndugu anayepanda treni toka Dar au Tabora muagizie vya mtumba, vinakuja na begi la mtu bila shida. Ila vingi ni hivi hivi vya mkono kwa mkono.

Kwahiyo uwe na daftari la kuazima. Mi nilidharau, nikasema sisi ni ndugu bwana. Kitabu changu kimoja kilizunguka miezi mitano, kikarudi hakina jalada na kurasa za katikati zimekuwa za machungwa zinang'aa, mtu alikuwa anasoma huku anakaanga kwa mawese. Ukikishika mpaka leo kinanukia mboga. Aliyekirudisha akasema ni yule aliyempa, yule akasema ni aliyemtangulia, nikaacha. Sasa hivi: jina, kitabu, tarehe, na hali yake kilivyotoka. Na kabla hakijatoka kivalishe kaki au gazeti kama madaftari ya shule ya msingi, masika ya huku unayajua. Kwa wanaokwenda nacho ziwani nailoni mbili, ndani moja nje moja, na fundo.

Daftari hilo lina upande wa nyuma, na huo ndo mi naupenda. Nyuma naandika sababu tu. Siandiki ya kitabu gani wala ya nani, tarehe na sababu basi. Mwanzo niliandika na majina ya vitabu, nikaona watu wanapekua kutafuta nani anasoma nini, nikaacha. Saizi ukifungua unakuta: "nilipewa na mtu ambaye hatuongei tena". "Nilitaka kujua kama Kiingereza changu bado kipo". "Kilikuwa kinashikilia mlango usigonge, siku moja umeme ukakatika". "Mtoto kaniuliza swali". "Sina sababu, nikipata nitasema". Huyo wa mwisho bado hajasema, mkutano wa nne huu.

Mgeni akija simwelezi utaratibu siku hizi, nampa daftari upande wa nyuma na kikombe cha kahawa, akifika ukurasa wa pili anakuwa ameshajua la kujibu.

Peponi nimeimaliza, mkitaka kujua, ilinichukua mwaka na kitu, na aibu iliisha kama ukurasa wa themanini, baada ya hapo nilikuwa naendelea kwa sababu msafara umeshaingia bara na nilitaka nione watatokea wapi. Yule jirani yangu wa chaja kaichukua Jumamosi iliyopita, nimemfungia nailoni mwenyewe. Saizi ni giza, yuko ziwani, kutokea huku barazani unaziona taa zao zimejipanga kule kama mji. Mkutano ni mwezi ukipevuka. Chaja yangu alikuja kuichukua baadaye, na bado anayo.